Panda hajamtapeli mtu

Wiki hii nimetumiwa tena ile habari ya panda aliyejifanya ana mimba ili apewe chakula kizuri. Nimetumiwa na majirani, na wanafunzi, na mtu mmoja mwenye shahada ya biolojia ambaye kwa kweli alipaswa kuona aibu. Habari yenyewe ni ya 2014. Panda aitwaye Ai Hin, wa kituo cha Chengdu nchini China, alionyesha dalili zote za mimba, maandalizi ya kurusha uzazi wake mubashara yakaanza, kisha dalili zikayeyuka na mtoto hakuonekana. Magazeti ya dunia nzima yakaandika kwamba mama yule mjanja alitaka tu chumba chenye kiyoyozi, matunda na mikate ya ziada. Tangu hapo kila panda asiyezaa ni tapeli.

Mimi nashughulika na homoni za uzazi wa dubu, panda wakiwemo, na kwa vitendo maana yake ni mikojo. Mhudumu anaingia bandani asubuhi mnyama akiwa ameshahamishiwa upande wa pili, anaufyonza mkojo sakafuni kwa bomba la sindano kabla haujachanganyika na maji ya kuoshea, anaandika jina na saa, anaugandisha. Mimi napima projesteroni na estrojeni, nagawanya kwa kreatinini, taka ya misuli inayoonyesha uzito wa mkojo, kwa sababu mkojo wa leo mzito na wa kesho mwepesi, kisha naongeza nukta moja kwenye grafu. Miezi inapita hivyo, nukta juu ya nukta. Grafu hiyo naitazama kuliko ninavyowatazama panda wenyewe, na ndiyo inayonipa ujasiri wa kusema: Ai Hin hakudanganya.

Panda jike hupata joto, yaani huwa tayari kupandwa, mara moja kwa mwaka, majira ya kuchipua, na siku za kushika mimba ni moja hadi tatu tu. Estrojeni hupanda, hufika kileleni, hushuka. Ikishaanza kushuka, yai liko njiani, na hapo ama dume huletwa, ama uhimilishaji, yaani kuwekewa mbegu kwa kifaa, hufanyika, ama vyote viwili. Sehemu hii vitabu vimeieleza vizuri, sina la kuongeza.

Kinachofuata ndicho kinachowakoroga watu. Yai likitoka, pale lilipotoka hubaki tezi ya muda inayotengeneza projesteroni. Kwa ng'ombe ambaye mimba haikuingia, tezi hiyo hufa baada ya wiki mbili na ushei, naye hurudi kwenye joto. Kwa panda haifi. Mimba iwe imeingia au haikuingia, tezi hudumu miezi: kwanza projesteroni ya chinichini, halafu, wiki sita hivi kabla ya mwisho, inapandishwa kwa nguvu, kisha inaporomoka. Kwa mwenye mtoto tumboni, mporomoko huo unakuja na uchungu na kuzaa. Kwa asiye na kitu, unakuja na hamu ya kula mianzi tena. Weka grafu zao mbili mezani, futa majina, niulize ipi ni ya mama. Nitabahatisha kama wewe utakavyobahatisha.

Na mwili unaopokea homoni zile zile hufanya mambo yale yale. Jike anapunguza kula. Analala kutwa. Anakereka na kelele. Anakokota mianzi hadi kwenye chumba cha kuzalia na kuivunjavunja awe na kiota, anajilamba, na ukimwachia kitu cha kuchezea anakipakata kifuani na kukilamba kama mtoto. Hayo yote ni ya mwenye mimba, na hayo yote ni ya mwenye mimba hewa, yaani dalili zisizo na mtoto. Mei Xiang wa bustani ya wanyama ya Taifa kule Washington alimzaa Tai Shan mwaka 2005, na kati ya hapo na uzazi wake uliofuata wa 2012 alipita kwenye mimba hewa mwaka baada ya mwaka, na kila mara wataalamu walikesha kwenye kamera. Hakuna aliyekuwa mjinga pale. Hapakuwa na kitu kingine cha kufanya.

Turudi kwenye chakula, maana ndicho kiini cha mashtaka. Umeona nilichoandika hapo juu? Kipindi hicho panda hapendi kula. Tapeli gani huyu anayetengeneza njama ya miezi ili apate karamu, kisha karamu ikiletwa anaigeuzia mgongo na kulala?

Nitakuwa mwadilifu. Panda hujifunza, tena haraka. Kwa maji ya asali na vipande vya tofaa wanafundishwa kulala chali wapimwe ultrasaundi, na kunyoosha mkono nje ya nondo watolewe damu. Inawezekana kabisa jike aliyezoea kubembelezwa akawa mzito kurudi kwenye ratiba ya kawaida projesteroni ikishashuka. Mwenzangu mmoja hulishikilia sana jambo hili na mimi sina hoja ya kulifuta. Lakini tabia ya siku za mwisho ni jambo moja, na mkojo ni jambo lingine. Hakuna tofaa linaloweza kumfundisha mnyama kupandisha projesteroni kwa wiki sita.

Kinachonisumbua mimi ni kingine, na vitabu hukipita mbio. Tunaita "mimba hewa" msimu wowote ulioisha bila mtoto. Sasa fikiria kiinitete cha panda, yaani mimba katika siku zake za mwanzo kabisa. Hakijishikizi kwenye mji wa mimba mara moja; hukua kidogo, husimama, huelea kwa majuma au miezi. Ndiyo maana tangu kupandwa hadi kuzaa inaweza kupita miezi mitatu au zaidi ya mitano, na ndiyo maana ukiniuliza "atazaa lini?" nakupa tarehe zenye upana wa kukera. Kiinitete kikifa wakati kinaelea, au kikijishikiza kisha kikapotea na kufyonzwa na mwili, grafu yangu itafanana na ya jike ambaye hakushika mimba kamwe. Mwaka 2013 bustani ya wanyama ya Edinburgh, Scotland, walitangaza kwamba panda wao Tian Tian alishika mimba na kuipoteza ikiwa imefika mbali. Walau wao walikuwa na vipimo vya kuwawezesha kusema hivyo. Ni wangapi tumewaandika "mimba hewa" ilhali walipoteza mtoto? Hatuna namna ya kurudi nyuma na kuwahesabu. Kipo kipimo cha protini iitwayo seruloplasmini kwenye mkojo, kipo na cha mabaki ya prostaglandini, kemikali ya mwili inayohusika na uchungu wa kuzaa, kinachosaidia karibu na mwisho. Vimetusogeza mbele, havijamaliza ubishi.

"Si mtumie ultrasaundi?" Tunatumia. Kijusi huonekana wiki chache za mwisho tu, kimejificha nyuma ya utumbo uliojaa mianzi, na hizo ndizo wiki ambazo mama hataki kuitwa, hataki tofaa, hataki uso wako. Agosti 2015 Washington walikiona kijusi cha Mei Xiang siku tatu kabla ya kuzaa, urefu wa sentimita 4 hivi. Wakatangaza. Jioni ya tarehe 22 akazaa mtoto, watu wakashangilia, na saa chache baadaye akazaa wa pili, ambaye kifaa hakikumwona. Hao ni watu walioshika kifaa mkononi, na mnyama wanamjua miaka mingi.

Kuzaa kwenyewe ni jambo fupi ukilinganisha na kelele zote zilizotangulia. Maji yanavunjika, mama anahangaika, anakaa, anainuka, anajipinda, na mara nyingi kabla hujaona chochote kwenye kamera unasikia: ukelele mkali usiolingana hata kidogo na kilichoutoa. Kitoto kina gramu 100 hivi, chepesi kuliko simu uliyoshika. Cha waridi, macho yamefumba, manyoya ni vumbi jeupe tu, na kina mkia mrefu usiopendeza. Hakina rangi nyeusi mahali popote. Hiyo inaanza kujitokeza baada ya wiki moja hivi, na macho hayafumbuki mpaka wiki ya sita au ya nane. Mama anakiokota kwa mdomo, mdomo ule ule unaopasua mianzi, anakiweka kifuani na kukifunika kwa kiganja hadi kinapotea. Hawezi kukiweka chini. Kitapoa, na hata kukojoa hakiwezi bila kulambwa. Kwa siku kadhaa za mwanzo hatoki, hali, hanywi.

Hapo ndipo wananijia wenye tuhuma ya pili, kwamba panda ni mama mbaya, anamkalia mtoto au anamtupa. Ajali hutokea, sikatai. Mtoto wa kwanza kuzaliwa nje ya China, mjini Mexico mwaka 1980, alikufa akiwa na siku chache baada ya kulaliwa na mama yake. Mwaka uliofuata mama yule yule akamzaa Tohui, akamlea, akakua. Uzito wa mama ni mara 800 au 900 ya mtoto. Mtu asiyeona hatari katika hesabu hiyo hajawahi kulala na mtoto mchanga kitanda kimoja.

Kuhusu kutupa: karibu nusu ya mimba za kwenye vituo huzaa pacha. Mkono mmoja umeshika mtoto, na yule wa pili analia sakafuni. Mama humchagua mmoja, kwa kawaida mwenye nguvu, na mwingine humwacha. Ukiiona kwa mara ya kwanza unaumia, hilo nalijua. Ila mnyama anayeishi kwa mianzi, chakula ambacho tumbo lake linakimeng'enya kwa shida, hana mafuta ya kunyonyesha wawili porini. Wachina ndio walioutatua mtego huu kwa kubadilishana watoto: mmoja kwenye inkubeta, mmoja kifuani, na kila baada ya saa kadhaa mhudumu anamvutia mama kwa bakuli la maji ya asali, anamtoa huyu na kumweka yule. Lengo kubwa la siku za mwanzo ni wote wawili wapate dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama, kwa sababu kitoto huzaliwa karibu bila kinga yoyote. Wapo mama wanaokubali kana kwamba hawaoni. Mei Xiang mwaka 2015 hakukubali kirahisi, na yule mdogo alikufa kabla hajafika wiki. Tena usidhani panda hawezi kabisa: mwaka 2016, pale bustani ya wanyama ya Schönbrunn, Vienna, panda Yang Yang aliwalea pacha wote wawili mwenyewe, binadamu wakitazama kwenye skrini na mikono mfukoni. Tungepaswa kuandika zaidi juu ya Yang Yang na kidogo juu ya Ai Hin.

Kwa nini mtoto awe mdogo hivyo? Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba dubu wa kale walizaa wakati wa usingizi wa baridi, mama hali kitu, na ilikuwa nafuu kwake kumtoa mtoto mapema na kumlisha maziwa yenye mafuta kuliko kumkuza tumboni. Panda halali usingizi huo, tunasema amerithi tu. Mimi mwenyewe nimefundisha hivyo. Kisha mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke wakachunguza mifupa ya watoto wa dubu na kukuta wengi wao hawajazaliwa mapema kihivyo. Ni wadogo, ila mifupa imekomaa kama ya wanyama wengine. Panda ndiye aliyetoka mstarini: mifupa yake ilifanana na ya kijusi cha binadamu cha wiki 28. Kwa hiyo maelezo ya dubu wote yanayumba, na swali la panda limebaki peke yake, wazi.

Kabla sijafunga kompyuta, na hili nalo: "panda hawapendi kuzaana, waacheni wafe." Porini madume kadhaa humkusanyikia jike mmoja, hugombana, naye huzaa mtoto kila baada ya miaka miwili hivi bila msaada wetu. Shida ni pale tunapomfungia jike na dume tuliyemchagua sisi kwa karatasi ya ukoo. Utafiti wa 2015 uliofanyika China ulionyesha kwamba panda walioonyeshwa wenza na kupewa yule wanayempenda walizaa zaidi. Panda jike Ying Ying wa Hong Kong alikaa na dume Le Le zaidi ya miaka kumi kabla ya kupandana kwa njia ya asili mwaka 2020, na akazaa pacha Agosti 2024, siku moja kabla ya kutimiza miaka 19. Hakuwa mvivu.

Ile miaka miwili, kwa njia, ni kwa sababu jike anayelea harudi kwenye joto. Vituo viligundua zamani kwamba mtoto akitenganishwa na mama akiwa na miezi sita hivi, badala ya mwaka mmoja na nusu au zaidi, mama hupata joto msimu unaofuata, na idadi ikapanda haraka. Leo wapo zaidi ya 700 kwenye vituo na bustani duniani. Mimi sikubaliani na utaratibu huo na nimeshagombana juu yake kwenye mikutano, maana mtoto wa miezi sita bado ana mengi ya kujifunza kwa mama yake, na anayelengwa kurudishwa msituni anahitaji hayo kuliko anavyohitaji mdogo wake azaliwe haraka. Wenzangu hunijibu kwamba bila idadi hiyo tusingekuwa na panda wa kubishania. Mwaka huu tutabishana tena.