Jarida la Madaktari wa China Enzi za Mao: Namna ya Kulitafuta na Kulisoma

Ukikuta marejeo yameandikwa "Chinese Medical Journal, 1978, juzuu la 4", usidhani mchapaji amekosea. Lakini ukienda kwenye rafu ukavuta juzuu la 4 la kwanza utakaloliona, huenda ukashika kazi ya wamisionari ya mwaka 1890. Jarida ni hilohilo moja. Hesabu zake zilivurugwa na siasa, na anayetaka kulitumia inambidi aijue historia yake kwanza, maana hapa historia ndiyo ufunguo wa rafu.

Lilianza Shanghai mwaka 1887 kama China Medical Missionary Journal, chombo cha madaktari wamisionari. Mwaka 1907 neno la umisionari likaondolewa, likabaki China Medical Journal. Pembeni yake, mwaka 1915, madaktari Wachina wenyewe waliunda chama chao na kutoa Zhonghua Yixue Zazhi, lenye kurasa za Kichina na za Kiingereza, mhariri wake wa kwanza akiwa Wu Lien-teh, yule aliyeongoza vita dhidi ya tauni ya Manchuria mwaka 1910 na 1911. Mwaka 1932 sehemu ya Kiingereza ya jarida la Wachina iliunganishwa na jarida la wamisionari, na hapo ndipo likazaliwa jina la Chinese Medical Journal. Toleo la Kichina likaendelea na safari yake na hesabu yake. Kwa hiyo mwaka 1979 jarida la Kiingereza ni juzuu la 92, na la Kichina ni juzuu la 59. Ukichanganya hayo mawili, hutaipata makala yako kamwe.

Serikali ya Kikomunisti iliposhika nchi mwaka 1949 haikulifuta jarida. Ililirithi pamoja na chama cha madaktari kilichokuwa nyuma yake, ikaligharamia, na duka la serikali la vitabu vya nje, Guoji Shudian la Beijing, likawa ndilo linalolisambaza ng'ambo. Mwelekeo ulitangazwa wazi kwenye mkutano wa afya wa taifa wa 1950: tiba iwatumikie wafanyakazi, wakulima na askari, kinga itangulie, tiba ya jadi na ya Magharibi ziungane. Ukipekua kurasa za miaka ya 1950 utaona maneno hayo yakigeuka kuwa orodha ya mada. Kichocho, ambacho Mao alikitangazia vita mwaka 1955, kinapewa nafasi kubwa. Upande wa nadharia kuna Pavlov, mwanafiziolojia wa Kirusi, na heshima kubwa kwa wanasayansi wa Kisovieti.

Wengi wanaliacha jarida hapo, wakisema ni propaganda. Nawasihi wasubiri kidogo wafungue juzuu la 75, la 1957, ukurasa wa 429. Hapo Tang Feifan na wenzake wanaeleza jinsi walivyoweza, kwa mara ya kwanza duniani, kukiotesha kimelea cha trakoma, yaani ugonjwa wa vikope unaopofusha. Watafiti walikuwa wamehangaika nacho kwa miongo. Tatizo lilikuwa hili: ute unaokwanguliwa kwenye kope umejaa bakteria wengine, na usipowaua wanakiua kiinitete kilicho ndani ya yai la kuku linalotumika kukioteshea, kabla kimelea hakijaota. Dawa ya haraka ya kuwaua ni penisilini, lakini penisilini hukizuia hata kimelea chenyewe cha trakoma. Mtafiti anasafisha sampuli yake, na papo hapo anaharibu anachokitafuta. Tang alitegemea streptomaisini, ambayo inawaua wengi wa wale wavamizi na kukiacha kimelea, kisha akapanda sampuli kwenye mfuko wa kiini cha yai. Maabara ya London ikarudia kazi hiyo kwa sampuli za Gambia, na matokeo yakatoka kwenye The Lancet, jarida la tiba la Uingereza, mwaka 1958.

Angalizo kwa anayetafuta: makala inakiita kimelea hicho virusi, kama kila mtu alivyokiita wakati huo. Leo tunajua ni bakteria, Chlamydia trachomatis. Ukitafuta kwa jina la leo peke yake, makala muhimu kuliko zote za jarida hilo katika muongo ule inakupita.

Tang mwenyewe hakuyafaidi matunda yake. Katika kampeni za kisiasa za 1958 alishutumiwa hadharani na kudhalilishwa, na tarehe 30 Septemba mwaka huo alijiua. Mwaka 1981 shirika la kimataifa la kupambana na trakoma lilimtunuku medali ya dhahabu, naye alikuwa ameshakufa miaka 23. Serikali iliyolipia maabara na jarida ndiyo iliyoruhusu mtu huyo asagwe. Mambo hayo mawili ni ya kweli kwa pamoja, na kwangu mimi anayetaja moja na kuficha la pili hajaieleza historia ya jarida hili.

Makala ya pili ninayoiona ya lazima ni ya Oktoba 1963, juzuu la 82, kuanzia ukurasa wa 632. Inahusu mfanyakazi wa Shanghai ambaye mkono wake wa kulia ulikatwa kabisa na mashine, juu kidogo ya kifundo, nao ukaunganishwa tena na kupona. Madaktari wa Boston walikuwa wameunganisha mkono wa mvulana mwaka 1962, lakini taarifa yao kwenye jarida la Marekani ilitoka 1964. Kwa upande wa uchapishaji, basi, jarida la China lilitangulia.

Makala hizo mbili zinatufikisha kwenye mtego wa majina. Mpaka mwisho wa 1978 jarida liliandika majina kwa mfumo wa zamani wa Wade na Giles wa kuandika Kichina kwa herufi za Kilatini. Kuanzia tarehe 1 Januari 1979 China ilihamia pinyin, mfumo wake yenyewe, katika maandishi yake kwa lugha za kigeni. Hivyo Tang Feifan anaonekana kama T'ang Fei-fan. Daktari mpasuaji wa ule mkono, Chen Zhongwei, ni Ch'en Chung-wei. Mgumu kuliko wote ni Lin Qiaozhi, daktari bingwa wa wanawake wa Beijing: utamkuta kama Lin Ch'iao-chih, na kwenye makala za awali kama Kha-ti Lim, kwa matamshi ya kwao Xiamen. Ni mtu mmoja. Ninapotafuta kazi za daktari Mchina wa kipindi hicho huandika kwanza kwenye karatasi maumbo yote ya jina lake, pamoja na alama ya mkato wa juu na bila alama hiyo, kwa sababu orodha nyingi za kompyuta huidondosha na nyingine huigeuza kuwa nafasi tupu. Kisha hutafuta kwa kila umbo, kwa mwaka, wala sitegemei juzuu.

Halafu unakuja mwaka 1966. Juzuu la 85 ndilo la mwisho kabla jarida halijasimama. Mapinduzi ya Utamaduni, kampeni ya Mao dhidi ya aliowaita maadui wa ujamaa, yalipopamba moto, Chinese Medical Journal lilisimama, na Oktoba likatokea jarida lenye jina jipya, China's Medicine. Hili si mwendelezo wa kawaida. Ndani yake nukuu za Mao na makala za kisiasa zinakaa mbele, na taarifa ya mgonjwa husimuliwa kama ushindi wa fikra za Mwenyekiti dhidi ya "wataalamu wa kibepari". Hata hivyo usilitupe. Ndimo utakamoona jinsi uongozi ulivyotaka tiba ya vijijini ionekane, baada ya agizo la Mao la tarehe 26 Juni 1965 kwamba mkazo wa afya uhamie mashambani. Mwisho wa 1968, mwaka uleule magazeti yalipoanza kuwasifu madaktari pekupeku, yaani wanavijiji waliopewa mafunzo mafupi ya tiba, nalo likafungwa. Toleo la Kichina lilirudi 1973 kwa juzuu la 53, na la Kiingereza 1975.

Hapa ndipo namba zinapovurugika. Liliporudi 1975 jarida la Kiingereza liliitwa mfululizo mpya na kuanza kuhesabu upya: 1975 ni 1, 1976 ni 2, 1977 ni 3, 1978 ni 4. Mwaka 1979 wahariri wakaurudia mfululizo wa zamani na kuandika 92. Kuanzia hapo kanuni ni nyepesi: toa 1887 kwenye mwaka, utapata juzuu. Mwaka 2015 ni juzuu la 128. Usiitumie kanuni hiyo kurudi nyuma ya 1979. Mwaka 1957 ingekupa 70, na juzuu halisi ni 75.

Sasa makala zenyewe za miaka ya 1970. Jambo la kwanza utakaloliona ni kwamba waandishi wametoweka. Mahali pa majina kuna hospitali, idara, au "kikundi cha ushirikiano wa utafiti". Kutaja jina lako kulihesabiwa kuwa ubinafsi wa kibepari. Kwa msomaji hasara yake ni ya vitendo: huwezi kufuatilia kazi za mtu mmoja, huwezi kujua kama makala mbili zimetumia wagonjwa walewale, na huna wa kumwandikia.

La pili ni asilimia. Taarifa nyingi hugawa wagonjwa katika ngazi nne: waliopona, waliopata nafuu kubwa, waliopata nafuu, na wasiobadilika. Kisha ngazi tatu za kwanza hujumlishwa na kuitwa kiwango cha mafanikio. Tuseme wagonjwa ni 100: 40 wamepona, 30 wana nafuu kubwa, 22 wana nafuu, 8 hawakubadilika. Makala itatangaza mafanikio ya 92%. Ukweli unaoweza kuulinganisha na utafiti mwingine ni 40%. Rudi kwenye jedwali ujihesabie mwenyewe, kisha uliza mambo manne: nafuu ilipimwa kwa kipimo gani, wagonjwa walifuatiliwa siku ngapi, kulikuwa na kundi la kulinganisha, na walioacha dawa njiani wamehesabiwa wapi. Taarifa za ganzi ya akupancha, yaani kutuliza maumivu ya upasuaji kwa kuchoma sindano mwilini, ndizo zinazohitaji ukali zaidi, kwa sababu wagonjwa walichaguliwa na mara nyingi walichomwa pia dawa ya maumivu. Wakati mwingine hilo limetajwa kwa mstari mmoja tu ndani ya mbinu.

Ukali huo usikufanye upuuze juzuu la 92, kurasa 811 hadi 816, Desemba 1979. Hiyo ndiyo taarifa ya Kiingereza iliyoutangazia ulimwengu wa madaktari kwamba qinghaosu, tunayoiita leo artemisinini, inatibu malaria. Kazi yenyewe ilitoka kwenye Mradi 523, mpango wa serikali wa kutafuta dawa ya malaria, uliopewa jina kwa tarehe ya mkutano wake wa kwanza, 23 Mei 1967, katikati ya vurugu zilezile zilizofunga majarida. Wagonjwa waliotibiwa ni 2,099, wenye Plasmodium vivax na Plasmodium falciparum, aina mbili za vimelea vya malaria. Miongoni mwa waliotajwa kuwa na matokeo mazuri wamo 143 wenye falciparum sugu kwa klorokwini na 141 wenye malaria ya ubongo. Mtu aliyezoea kumwona mgonjwa wa malaria ya ubongo ataelewa kwa nini mstari huo mmoja una uzito kuliko maneno yote ya siasa yaliyoutangulia.

Sahihi iliyopo ni ya kikundi cha uratibu wa utafiti wa qinghaosu. Jina la mtafiti Tu Youyou halimo juu ya makala, ingawa timu yake ndiyo iliyoacha kuchemsha majani ya mmea wa qinghao na kutumia etha kwa joto la chini, na dondoo lao la Oktoba 1971 likaangamiza vimelea vyote kwenye panya. Mjadala wa nani alifanya nini uliendelea mpaka baada ya Tu kupewa Tuzo ya Nobel ya 2015, na sehemu ya chanzo chake ni ukurasa huo usio na majina. Mwaka 1982, Li Guoqiao, Jiang na wenzao walipochapisha kwenye The Lancet matokeo ya qinghaosu na ya meflokwini, dawa nyingine ya malaria, majina yao yaliandikwa juu kabisa, moja baada ya jingine.