Teolojia simulizi ni nini?

Bibi wa Unguja akisema "Paukwa!", wajukuu hujibu "Pakawa!", hadithi ikaanza. Hakuna mjukuu anayemwambia aruke hadithi atoe funzo peke yake. Teolojia simulizi huisoma Injili kwa sikio hilo hilo. (Askofu Edward Steere, aliyejenga kanisa la Mkunazini penye soko la zamani la watumwa, alichapisha hadithi za Unguja mwaka 1870, na Injili pia alizitafsiri. Sioni ajabu.)

Usomaji tuliouzoea huifanya Injili kama nazi: kamua tui, yaani fundisho, machicha tupa. Hans Frei, mwanateolojia wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, alieleza katika kitabu chake cha 1974 jinsi wasomi wa Ulaya walivyoikamua Biblia tangu karne ya 18. Baadhi walisaka tukio lililo nyuma ya maandishi, wengine maadili. Kwake Frei, Yesu ni nani hujulikana kwa anayotenda na kutendewa ndani ya masimulizi yenyewe.

Chukua mwisho wa Marko. Katika nakala mbili mashuhuri za karne ya 4, Sinaiticus na Vaticanus, Injili hiyo inaishia 16:8: wanawake wanatoka kaburini mbio, wakitetemeka, wala hawamwambii mtu, kwani wameogopa. Basi. Mwanahistoria atauliza kama ukurasa umepotea, na ni swali la haki. Msomaji wa masimulizi anauliza jingine: kimya hiki kinamfanya nini msikilizaji? Huko nyuma Yesu aliwaponya watu akawakataza wasitangaze (1:44; 7:36), nao wakatangaza. Sasa wanawake wanaagizwa waseme, wananyamaza. Habari imebaki kwa nani, kama si kwake yeye anayesikiliza?

Nasema "masimulizi" kwa makusudi. "Hadithi" visiwani ina mitego miwili: wako watambaji wanaofungua kwa "uongo njoo, utamu kolea", na kwa Waislamu, ambao ndio wengi hapa, Hadithi ni mapokeo ya Mtume yenye wapokezi wanaotajwa mmoja mmoja.

Hapo ndipo lawama kubwa inapoingia: wakosoaji husema njia hii hulikwepa swali la kama mambo yalitokea kweli. Naiona ina uzito. Paulo mwenyewe hakulikwepa. Katika 1 Wakorintho 15:14 anasema kama Kristo hakufufuka, mahubiri yote ni bure.