Pancha njiani: tunayoambizana na ukweli wenyewe

Kubadilisha tairi kila dereva anasema anajua, na kweli wengi wanajua, ila ukikaa pembeni pale Chalinze ukamwangalia mtu anavyohangaika na jeki unaona kabisa kuna vitu tumerithishana tu, huyu kaambiwa na yule, na vingine ni hatari. Desemba ndo hiyo inakaribia, watu wanajaza familia kwenye gari wanaelekea Moshi, Mbeya, Mwanza, kwahiyo ngoja tuyaseme mapema.

La kwanza ni lile la tairi kupasuka ukiwa kwenye mwendo. Wengi wanaamini unatakiwa ukanyage breki hapo hapo kwa nguvu zote. Hapana jamani. Tairi la mbele likipasuka gari inavuta upande ule, ukikanyaga breki uzito wote unahamia mbele na ile kuvuta inazidi mara dufu, ndo hapo gari inaingia upande wa pili au inabiringika. Shika usukani kwa mikono miwili uubane uende moja kwa moja, toa mguu kwenye mafuta taratibu, gari itapungua yenyewe, ikishatulia ndo unaisogeza pembeni.

Alafu kuna anaesema usitembeze gari hata mita moja, rimu itakufa. Rimu inauzwa, wewe hauuzwi. Kama pancha imekukuta kwenye kona za Kitonga pale Iringa, au mahali ambapo hakuna pembeni, washa hazadi (zile taa za pande zote zinazowaka na kuzima) na ujikokote mwendo wa mtu anaetembea mpaka upate sehemu tambarare inayoonekana kwa mbali. Ila sio ndo ukokote mpaka mji unaofuata ukitegemea fundi. Tairi lisilo na upepo linajisaga kwa ndani, na fundi akilitoa kwenye rimu utakuta unga mweusi wa mpira umejaa humo. Ukiuona huo unga usikubali kuwekewa kiraka, kuta za hilo tairi zimekwisha hata kama nje linang'aa.

Matawi ya miti ya kuwaonya wanaokuja nyuma nayo. Mchana yanasaidia kidogo, usiku hayaakisi mwanga, mwenye lori anayaona akiwa ameshafika. Gari ya 80 kwa saa inakula mita 22 kila sekunde, kwahiyo ile pembetatu nyekundu ya kuakisi mwanga ukiiweka hatua kumi nyuma ya gari ni kama hujaweka kitu. Kwenye barabara kuu iende mita 100 huko, na kama kuna kona iweke kabla ya kona. Na ukimaliza kama uliweka matawi au mawe yatoe, tafadhali sana, bodaboda wanaumia kwa mawe ya watu walioshaondoka zamani.

Sasa tuje kwenye jeki. Watu wanasema "nimeweka P (gia ya kuegesha) na hendibreki, gari haiendi popote". Hapa naomba tuelewane vizuri. Gari zetu nyingi ndogo, IST, Vitz, Premio, zinavutwa na matairi ya mbele, kwahiyo P inashika mbele na hendibreki inashika nyuma. Ukinyanyua tairi moja la mbele, difu, ile gia inayogawa nguvu kwa matairi mawili, inaliruhusu lile la hewani lizunguke, na lile lingine la mbele lililobaki chini linakuwa huru, P haina kazi tena hapo, umebaki na hendibreki peke yake, na wewe unaijua hendibreki yako ilivyo. Ukinyanyua la nyuma, hendibreki imebaki na tairi moja tu chini. Ndo maana jiwe la kuzuia tairi sio hiari. Unabadilisha mbele kushoto, jiwe linaenda nyuma kulia, na kama kuna mteremko kidogo weka mawili. Kwenye mlima usipige jeki kabisa, sogea.

Abiria wote washuke, hata aliyelala, wakae mbali na barabara. Jeki inakaa pale penye alama, ukipapasa chini ya ubavu wa gari karibu na tairi utakuta vijinafasi viwili vimekatwa kwenye bati, hapo ndo pake, sio chini ya sampo, lile bakuli la oili ya injini. Pembeni kama ni mchanga weka ubao chini ya jeki maana inazama upande mmoja taratibu wala huoni. Na ile spea kabla hujaifunga ilaze chini ya ubavu wa gari, ukishatoa tairi bovu unabadilishana, lile bovu linalala kule. Jeki ikiteleza gari inakalia tairi, haimkalii mtu.

Nati zilegeze kabla hujanyanyua, robo au nusu mzunguko tu. Kuna anaenyanyua kwanza alafu anaanza kupigana na nati huku gari inayumba juu ya jeki ya mkasi. Na kama spana haigeuzi kabisa kwenye Fuso ya zamani upande wa kushoto, angalia kwanza isije ikawa ni zile nati za kinyume, zinafunguka kwa kwenda kulia.

Ila dhana inayoniuma zaidi ni ya kukaza. "Panda juu ya spana, ruka kabisa, ndo haitatoka." Toyota nyingi ndogo zinataka nati ikazwe kwa niutoni-mita 103. Wili spana yenye mpini wa sentimita 25 hivi, hiyo ni sawa na kusukuma kwa uzito wa kilo 42 mwisho wa mpini, yani nguvu ya mikono ya mtu mzima bila kuruka. Mtu wa kilo 80 akisimama pale anatoa karibu mara mbili yake, bado hajaruka. Studi, yani zile bolti zinazoshika nati, zinavutika, moja inakuja kukatika siku nyingine, diski nazo zinapinda unaanza kusikia breki zinatetemeka unabaki kubadilisha pedi bure. Na siku mkeo au mama akipata pancha peke yake ile nati haifungui. Ile mashine ya upepo ya fundi inaweza kukaza zaidi ya hapo, mwambie amalizie kwa mkono. Kinachozuia tairi kutoka ni kukaza kwa kupishana, nati moja kisha ile ya ng'ambo yake, kwanza kaza kidogo tu tairi likiwa hewani, alafu shusha ndo ukaze vizuri. Ukitembea kilomita 50 mpaka 100 simama ukague tena. Hilo la kukagua ndo hamna anaefanya.

Grisi kwenye studi pia acha, safisha kutu kwa brashi basi. Kipimo cha kukaza kinapigwa kwa studi kavu, ukipaka grisi nguvu ile ile inakaza kupita kiasi.

"Jua kali, punguza upepo tairi lisipasuke." Ni kinyume kabisa, tairi lenye upepo mdogo linajikunja kila likizunguka, kujikunja kunaleta joto, na joto ndo linapasua. Jaza kama stika ya kwenye mlango wa dereva inavyosema, pima asubuhi tairi likiwa baridi. Namba ya ubavuni mwa tairi ni kikomo chake, sio kipimo cha gari yako. Kujaza naitrojeni badala ya upepo wa kawaida sio mbaya, ila hewa ya kawaida tayari ni naitrojeni asilimia 78.

Mwisho ni spea. Ile nyembamba ya donati mwisho 80 kwa saa na inataka psi 60, sio 30 kama yale mengine, kwahiyo ukienda kujaza mwambie fundi. Na usiseme mpya kwa sababu haijawahi kutembea. Tafuta ubavuni mstari unaoanza na herufi DOT, angalia namba nne za mwishoni mwake, mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka, 2309 ni wiki ya 23 ya 2009. Watengenezaji wakubwa kama Michelin wanasema miaka 10 tairi litolewe hata kama kashata (meno ya tairi) zimejaa, na gari zetu nyingi za Japani zimekuja na spea ile ile iliyotoka nayo kiwandani.