Je, wajua kwa nini maneno mengi ya Kiingereza yanayoanza na "sn" yanahusu pua?

Anayejifunza Kiingereza akiipekua kamusi mpaka kwenye maneno yanayoanza na herufi "sn", atashangaa kuona jinsi pua inavyojitokeza tena na tena. *Sniff* ni kunusa, *snore* ni kukoroma, *sneeze* ni kupiga chafya, *snout* ni pua iliyochomoza ya mnyama kama nguruwe, *snot* ni kamasi, *snort* ni kutoa pumzi puani kwa kishindo kama afanyavyo farasi, na *snuff* ni ugoro. Hata maneno ya dharau hayako mbali na kiungo hicho: *sneer* ni kubeza kwa kukunja uso, na *snooty*, sifa ya mtu mwenye majivuno, limetokana na *snoot*, neno la mitaani la kuitaja pua.

Wazo la kwanza linalomjia msomaji ni kwamba "sn" ni kiambishi chenye maana ya pua. Sivyo. Katika Kiswahili, u- ya "urefu" inaweza kutenganishwa na shina lake, nalo shina likabaki na maana yake ile ile. Ukiiondoa "sn" katika *snout* inabaki *out*, yaani nje. Katika *snore* inabaki *ore*, yaani mwamba wenye madini. Na katika *sneeze* kinachobaki si neno kabisa. Mwaka 1930 mwanaisimu Mwingereza John Rupert Firth alibuni istilahi ya fonestimu kwa ajili ya jambo hili, yaani mfuatano wa sauti unaoandamana na maana fulani katika maneno mengi ingawa wenyewe si kiambishi wala mzizi. Jambo lenyewe lilikuwa limeonekana zamani zaidi, kwani mwanahisabati John Wallis, katika sarufi ya Kiingereza aliyoiandika kwa Kilatini na kuichapisha mwaka 1653, tayari alikuwa ameorodhesha mafungu ya konsonanti na maana alizoziona ndani yake.

Sehemu ya sababu imo katika matamshi. Sauti "n" ni ya nazali: mdomo huzibwa kwa ulimi na hewa hutokea puani, hivyo anayeitamka anakitumia kiungo kile kile kinachotajwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, ulioangalia msamiati wa takriban theluthi mbili za lugha za dunia, ulionyesha kwamba neno la pua huelekea kuwa na "n" mara nyingi kuliko inavyotarajiwa kwa bahati tu. Kiswahili kwa "pua" kimekwenda kinyume, ingawa kwa "nusa" kimefuata mkondo. Sehemu nyingine ni urithi, maana Kiingereza ni ndugu wa Kijerumani, na huko nako kukoroma ni *schnarchen* na pua ya mnyama ni *Schnauze*.

Matamshi na urithi, hata hivyo, havitoshi kulieleza neno *sneeze*, ambalo kwangu ndilo lenye historia tamu kuliko yote. Wajerumani husema *niesen*, bila sauti yoyote mbele ya "n", na Waingereza wenyewe, hadi mwishoni mwa karne ya 14, walikuwa wakisema *fnesen*, kwa "f". Maneno yaliyoanza na "fn" yalikuwa machache na yalizidi kutoweka, kwa hiyo neno hili lilibaki kama yatima katika lugha. Zaidi ya hayo, katika maandishi ya mkono ya wakati ule kulikuwa na umbo refu la herufi "s" lililofanana mno na "f", na inadhaniwa kwamba baadhi ya wasomaji walisoma "sn" palipoandikwa "fn". Kosa hilo, kama lilitokea, lilipata mahali pa kushika: *snout* na mengine ya pua yalikuwapo tayari, na neno la chafya likajiunga nayo. Ndivyo fonestimu inavyokua, kwa kuwa maneno yenye maana za karibu huvutana hata katika umbo.

Mvuto huo bado unafanya kazi vichwani mwa wasemaji. Mwaka 2004 mtafiti Benjamin Bergen alichapisha katika jarida la *Language* matokeo ya majaribio yaliyoonyesha kwamba mtu hulitambua neno haraka zaidi akiwa ametangulia kuona jingine lenye fonestimu ile ile, na kwamba wepesi huo hauelezwi na kufanana kwa umbo pekee wala kwa maana pekee.

Hata hivyo, mwanafunzi asije akaitegemea "sn" kama kanuni. *Snow*, yaani theluji, halina uhusiano wowote na pua. Ni neno la kale sana ambalo hata Warusi wanalo, kwa umbo la *sneg*. *Snap*, ambalo kwa maana yake mojawapo ni kung'ata kwa ghafla, na *snack*, kitafunio, yanahusu mdomo, na asili yake ni lugha za jirani za Uholanzi na kaskazini mwa Ujerumani. *Snake*, nyoka, na *snail*, konokono, yana undugu wao wenyewe, kwa kuwa yote mawili yametokana na mzizi mmoja wa kale wenye maana ya kutambaa.