Kutozungumza si kipimo cha akili

Katika magrupu ya wazazi hapa Moshi huzunguka ujumbe usemao kwamba mtoto mwenye usonji (autism, hali ya ukuaji wa ubongo inayoathiri mawasiliano) asiyezungumza hana akili, na kwamba kumpeleka shule ni kupoteza ada. Dai hilo si sahihi. Kutamka maneno kunahitaji ubongo uongoze ulimi, midomo na pumzi kwa pamoja, na ugumu wa kazi hiyo hauonyeshi kiwango cha uelewa. Wapo wenye usonji ambao pia wana ulemavu wa akili, lakini ukimya pekee hauthibitishi hilo.

Mkanganyiko hutokana kwa sehemu na vipimo vya akili vyenyewe, kwa kuwa vingi humtaka mtoto ajibu kwa mdomo. Akipewa kipimo cha kukamilisha mpangilio wa maumbo kwa kuonyesha kidole, alama zake zaweza kupanda sana. Nyumbani, mzazi anaweza kuweka mezani picha ya maji, ya ndizi na ya viatu, akauliza mtoto anataka nini, kisha akasubiri bila kumshika mkono, maana mkono ukishikwa, jibu huweza kuwa la anayeshika. Asipochagua, bado si ushahidi wa upungufu; tathmini ifanywe na mtaalamu.

Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze, hata kama aliyeutuma ni ndugu unayemheshimu.