Je, wajua kwa nini Mwanza haina theluji, ingawa iko juu kuliko Chamonix, mji wa skii, yaani mchezo wa kuteleza kwenye theluji kwa mbao miguuni?

Ukisimama Kamanga ferini ukaliangalia Jiwe la Bismarck, maji yaliyo mbele yako yako mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Huo ndio usawa wa Ziwa Victoria lenyewe. Mji umejengwa juu zaidi ya hapo, na vilima vya Bugando na Capri Point viko juu zaidi bado. Sasa linganisha na Chamonix, mji wa Ufaransa ulio chini ya Mont Blanc, ambako Olimpiki ya kwanza ya majira ya baridi ilifanyika mwaka 1924. Mji huo uko mita 1,035. Innsbruck ya Austria, iliyoandaa michezo hiyo mwaka 1964 na tena 1976, iko mita 574 tu. Kwa hiyo mama anayeanika dagaa Mwaloni, Kirumba, anafanya kazi juu kuliko hoteli za watalii waliokwenda kuteleza kwenye theluji.

Mbona basi theluji wanayo wao?

Shuleni tulifundishwa kwamba ukipanda juu, baridi huongezeka. Ni kweli: kwa wastani joto hupungua nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000. Lakini hesabu ya kutoa inategemea umeanza na ngapi, na Mwanza tunaanza na nyingi. Tuko nyuzi 2.5 tu za latitudo kusini mwa Ikweta. Katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba jua la mchana linapita utosini kabisa, kivuli kinajikunja chini ya miguu. Hata Juni, linapokuwa mbali nasi kuliko wakati wote, saa sita mchana bado linasimama nyuzi 64 juu ya upeo wa macho.

Chamonix iko karibu nyuzi 46 kaskazini. Mwishoni mwa Desemba jua lao la saa sita mchana linafika nyuzi 20 na kidogo, yaani linachungulia tu juu ya milima kisha linarudi. Mwanga ukija kwa mlalo namna hiyo, ule ambao kwetu ungeangukia mita moja ya mraba unatandazwa kwenye karibu mita tatu. Na mchana wenyewe haufiki urefu wa saa tisa, wakati wetu una saa kumi na mbili hivi mwaka mzima. Theluji ikishaanguka, inazidi kujilinda: theluji mpya hurudisha angani hadi asilimia 80 ya miale inayoipiga, hivyo ardhi chini yake haipati nafasi ya kupata joto.

Kwetu hakuna miezi ya namna hiyo. Ziwa nalo linatusawazisha, maana maji mengi kiasi hicho hayapoi upesi. Tofauti ya joto kati ya usiku na mchana hapa ni kubwa kuliko tofauti ya mwezi wa Julai na mwezi wa Januari.

Lakini theluji tunayo. Iko juu ya vichwa vyetu. Chukua wastani wa Mwanza, nyuzi 23 hivi, uzigawe kwa 6.5: utapata kwamba nyuzi sifuri ziko kama mita 3,500 juu yetu, yaani karibu mita 4,700 kutoka usawa wa bahari. Mawingu makubwa ya radi yanayojengeka juu ya ziwa usiku yanapita kimo hicho kwa mbali, na huko ndani chembe za barafu na theluji zinatengenezwa kila mara. Sehemu kubwa ya mvua inayotupiga ilianza safari yake ikiwa imeganda. Tatizo ni njia ya kushuka. Chembe ya theluji huanguka polepole, kama mita moja kwa sekunde. Kuvuka mita 3,500 za hewa yenye joto ingehitaji karibu saa nzima. Mita mia chache tu za mwanzo zinatosha kuifanya tone la maji.

Mvua ya mawe ndiyo inayowahi kufika. Punje yake ni nzito, inashuka kwa mita kumi au zaidi kwa sekunde, na kabla haijayeyuka yote imeshagonga bati. Watoto wanaotoka nje na bakuli kuokota barafu wanaokota kitu kilichoganda kilomita kadhaa juu ya nyumba yao.

Kimo hicho cha nyuzi sifuri ndicho ufunguo wa mambo mengine yote. Kilimanjaro, yenye mita 5,895, inakipita. Ruwenzori upande wa pili wa ziwa, yenye mita 5,109, inakigusa kwa juu tu. Na kuna watu waliowahi kuteleza Kibo: mwaka 1912 Wajerumani Walter Furtwängler na Siegfried König walipanda na mbao za skii, wakashuka nazo. Moja ya barafu za kileleni imepewa jina la huyo Furtwängler. Ila usisubiri pale lifti ya kupandisha watelezaji mlimani. Skii inahitaji theluji itande mteremko mzima na ikae miezi, na Kibo haina msimu wa baridi wa kuikalisha. Theluji ikianguka, jua la Ikweta huimaliza kwa siku chache. Barafu ya kudumu imesimama kwa kuta na vipande, na zaidi ya asilimia 80 ya ile iliyokuwepo mwaka 1912 imeshatoweka. Juu ya hayo, kileleni hewa ina nusu tu ya oksijeni ya pwani. Mtu anayehema pale kwa shida hana pumzi ya kujifunza kusimama juu ya mbao.

Basi mtu wa Mwanza anayetaka kuteleza lazima asafiri, na hapa naona wengi wanaanza vibaya: wanaanza na jina la kituo na picha za hoteli. Mimi ningeanza na kuuliza kijiji kiko mita ngapi, lifti ya juu kabisa inafika wapi, na kimo cha nyuzi sifuri huwa wapi wiki hiyo. Utabiri wa hali ya hewa wa milima ya Ulaya hukitaja kimo hicho kila siku. Kikiwa mita 800, theluji inaanguka hadi mlangoni Chamonix. Kikipanda hadi 2,000, mjini mvua inanyesha na theluji imebaki juu tu. Ndiyo maana vituo vya chini kama Kitzbühel ya Austria, mita 762, vinahofia kila majira ya baridi yasiyo na baridi ya kutosha, wakati Val Thorens ya Ufaransa, ambayo kijiji chenyewe kiko mita 2,300, kwa kawaida hufungua Novemba na kufunga Mei. Angalia pia mteremko unaelekea wapi: kule kaskazini, upande unaotazama kaskazini ndio unaotunza theluji.

Ukubwa wa kituo usikutie kiwewe. Val Thorens ni sehemu ya Les Trois Vallées, eneo lenye takriban kilomita 600 za njia za kuteleza zilizounganishwa kwa lifti. Anayeanza atamaliza siku zake tatu za kwanza kwenye kipande kimoja kifupi, akijifunza kusimama, kuanguka na kufunga breki kwa kukutanisha ncha za mbele za mbao. Kununua tiketi ya eneo zima kabla ya hapo ni kutupa pesa. Vituo vingi vina tiketi ya bei nafuu ya lifti za wanafunzi, na vingine huziacha bure. Lipia mwalimu badala yake. Njia za Ufaransa hupangwa kwa rangi: kijani, buluu, nyekundu, nyeusi. Baki kwenye kijani mpaka mwalimu aseme.

Kuhusu miezi, likizo ya Desemba ya shule zetu inaangukia Krismasi ya Ulaya, ambapo bei hupaa. Februari nayo si nafuu: Ufaransa imegawa shule zake katika kanda tatu zinazopishana likizo, hivyo foleni za lifti hudumu karibu mwezi mzima. Januari, watu wakisharudi kazini, ndiyo wiki za mtu mwenye akili.

Viza ya Schengen, ile ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya, unaweza kuiomba hadi miezi sita kabla ya safari, na isiwe chini ya siku 15. Ada ya mtu mzima ni euro 90, na bima inatakiwa ifikie euro 30,000 za matibabu. Soma bima hiyo mstari kwa mstari, maana baadhi haigusi ajali za skii, na kubebwa na helikopta kutoka mlimani si jambo la kulipia kwa mkopo wa kikundi.

Kama Ulaya ni mbali kwa mfuko wako, tazama kusini. Likizo ya Juni huangukia mwanzo wa msimu wa Afriski, kituo kilicho zaidi ya mita 3,000 kwenye Milima ya Maluti, Lesotho, saa nne hadi tano kwa gari kutoka Johannesburg kupitia mpaka wa Caledonspoort. Mtanzania haombi viza kuingia Afrika Kusini kwa matembezi. Kituo chenyewe ni kidogo, mteremko wake mkuu una kilomita moja hivi, lakini kwa anayeanza inatosha na kubaki.

Cha ajabu ni kwamba mvua za Lesotho hunyesha miezi ya joto ya kule, si ya baridi, hivyo theluji nyingi ya Afriski hutengenezwa na mashine. Mashine hizo hurusha maji kwa matone madogo mno kwenye hewa ya baridi. Tone likipoteza sehemu yake kwa mvuke, linapoa zaidi ya hewa yenyewe, kama maji ya mtungi wa udongo yanavyokuwa baridi kuliko chumba, kisha linaganda kabla ya kugusa ardhi. Kadiri hewa inavyokuwa kavu ndivyo kazi inavyokuwa rahisi, na usiku wa Juni wa Maluti ni mkavu na wa baridi kali. Hewa ya Mwanza, hata tungeipoza, ingetusumbua kwa unyevu wake.

Wafanyabiashara wanaokwenda Dubai kufuata mzigo wana njia fupi kuliko zote: Ski Dubai, ukumbi uliofunguliwa mwaka 2005 ndani ya Mall of the Emirates, una mteremko wa mita 400. Koti na viatu unapewa hapo hapo. Kwa kujaribu kama unaupenda mchezo, sioni ubaya wowote.

Mavazi sasa. Jinzi ziache nyumbani, zikilowa zinaganda. Vaa soksi jozi moja tu, ndefu, kwani mbili hukunjamana ndani ya kiatu na kubana damu. Miwani ya jua na losheni ya kukinga miale si za wazungu peke yao: nguvu ya miale huongezeka kwa kama asilimia 10 kila mita 1,000, na theluji inakupiga na ile iliyorudishwa kutoka chini, hadi chini ya kidevu na ndani ya pua. Macho yasiyokingwa huweza kuungua kwa siku moja.

Na koti usilinunue Ulaya. Makoti ya skii yanafika Mwanza kwenye marobota ya mitumba, ila wengi hawayatambui. Pita Mlango Mmoja asubuhi, ufungue zipu uangalie ndani: likiwa na kama sketi ya lastiki yenye vifungo kiunoni, hiyo ni ya kuzuia theluji isipande mgongoni ukianguka. Kwenye mkono wa kushoto, karibu na kiwiko au kifundo, tafuta kamfuko kadogo chenye zipu ambacho hakitoshi hata simu. Hapo ndipo kadi ya lifti inapokaa, na mashine ya getini huisoma bila wewe kuitoa. Mwombe muuzaji maji kidogo umwagie begani. Yakitiririka, lipa. Yakizama kwenye kitambaa, mwachie dereva wa bodaboda. Yeye anahitaji upepo tu usipenye.