Ujinga wenye mantiki sio upumbavu, tuelewane

Shemeji yangu kanitumia tena ile klipu ya jamaa mwenye maiki anazunguka mtaani Marekani anauliza wapita njia seneti yenu ina watu wangapi, na wanaoulizwa wanacheka, wanakisia, kijana mmoja anasema hamsini, dada mwingine anasema sijui kabisa. Chini yake shemeji kaandika, "Ndo wale wale, wataalamu wanaita ujinga wenye mantiki, yaani upumbavu wa kujitakia." Hii ni mara ya nne au ya tano nasikia neno hilo likitumiwa hivo, mara nyingine na watu waliosoma kabisa, kwa hiyo leo niseme.

Maana yake ni fupi. Mchumi Mmarekani Anthony Downs aliieleza mwaka 1957: kujua kitu kuna gharama, muda, kichwa, wakati mwingine hela, na kama wewe binafsi unachopata kwa kujua ni kidogo kuliko hiyo gharama basi utaacha kujua, na kwa hesabu yako wewe hujakosea. Rais wa Marekani anachaguliwa na watu zaidi ya milioni 150, kura yako ni moja. Florida mwaka 2000, uchaguzi uliobanana kuliko wowote watu wanaoukumbuka, kura karibu milioni 6 zilipigwa na tofauti ikawa 537, na hata hapo mtu mmoja akibaki nyumbani matokeo ni yale yale. Sasa huyo mtu ana kazi mbili na watoto, utamwambia akeshe anasoma bajeti ya serikali kwa ajili ya kura isiyobadilisha kitu? Basi, dhana yenyewe ndo hiyo.

Kinachoniuma ni neno. Watu wanachukua ujinga na upumbavu wanavifanya kitu kimoja, na Kiswahili hakijawahi kuwa hivo.

Upumbavu unatoka kwenye kupumbaa, kuduwaa, akili kusimama pale pale. Ndo maana tuna kupumbaza, kumfanya mtu azubae asione kinachoendelea. Mpumbavu ukimweleza anakutazama tu, ukimweleza tena anakutazama tena, shida yake sio kwamba hajaambiwa. Mjinga ni mtu mwingine kabisa. Ukifungua kamusi za zamani za Kiswahili cha pwani, zile za enzi za Waingereza, mjinga ni asiyejua kwa sababu hajafundishwa au hajazoea, na neno hilo lilitumika kwa mgeni aliyeingia mjini juzi, hata kwa mtumwa aliyeletwa karibuni kutoka bara asiyejua bado lugha wala desturi za pwani. Neno lina historia ya kuumiza, silitetei kwa hilo, lakini tazama limebeba nini ndani: ugeni. Mjinga ni mgeni wa jambo, na mgeni akikaa anakuwa mwenyeji. Mjinga akierevuka mwerevu yupo mashakani, methali hiyo tunaijua wote, na mimi mpaka leo sijasikia methali ya mpumbavu akierevuka.

Na sisi Watanzania ndo tulitakiwa tuwe wa mwisho kuchanganya. Mwalimu alitaja maadui watatu, ujinga, maradhi na umaskini. Hakusema upumbavu. Mwaka 1970 ukatangazwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na watu wenye wajukuu wakaenda kwenye kisomo kujifunza a, e, i, o, u. Huwezi kumfungulia darasa mtu unayeamini ni mpumbavu. Lile darasa lenyewe lilikuwa ni kusema hawa watu wanaweza, hawajafundishwa tu.

Haya turudi Marekani. Ninapoishi mimi, Louisville, Kentucky, kuna Wakongo wengi wanaozungumza Kiswahili, na kwa muda nimekuwa nikiwasaidia wachache kujiandaa na mtihani wa uraia. Sehemu ya historia na serikali ni ya mdomo, ofisa anakuuliza yeye unajibu. Kwa miaka mingi ilikuwa na maswali 100 ya kusoma, unaulizwa 10, ukipata 6 umepita, na mwishoni mwa 2025 wakaongeza yakawa 128, unaulizwa mpaka 20 unatakiwa 12. Mihimili mitatu ya serikali, majaji wa mahakama ya juu wangapi, mfumo wa uchumi wa nchi ni upi. Mama mmoja wa Bukavu, aliyefika hapa bila Kiingereza hata cha kuombea maji, alikuwa anaweka karatasi za maswali juu ya jiko anapika huku anasoma. Siku moja akaniuliza, "Na bale benye balizaliwa hapa, banajuaka haya maneno yote?"

Nikamwambia ukweli, hapana mama. Utafiti wa mwaka 2018 uliwapa Wamarekani maswali yaliyotolewa kwenye mtihani huo huo, tena ya kuchagua jibu, na aliyeweza kupita alikuwa mmoja tu kati ya watatu. Mwaka 2017 walioweza kutaja mihimili yote mitatu ya serikali yao walikuwa kama robo. Wahamiaji wanaofanya mtihani wenyewe wanapita karibu tisa katika kila kumi.

Sasa niambie, mama wa Bukavu ana akili kuliko dereva wa basi aliyezaliwa Louisville? Hapana. Huyu mama akijibu vizuri anapata pasipoti, anapata nafasi nzuri zaidi ya kumwombea mtoto wake aliyebaki kambini, analala usingizi. Yule dereva akijua majaji ni tisa anapata nini? Uraia alizaliwa nao. Wote wawili wamepiga hesabu, na hesabu za wote wawili ziko sawa, ila zawadi ni tofauti. Hiyo klipu ya shemeji ndo nilitaka aiangalie kwa jicho hili.

Ila kuna kosa la pili na hili linafanywa hata na wanaojua maana. Wakishasikia "wenye mantiki" wanadhani ni sifa, kwamba basi ni sawa tu watu wasijue. Mantiki hapa ni ya mtu mmoja na mfuko wake, hekima ni kitu kingine. Chukua sukari. Serikali ya Marekani inabana sukari ya nje isiingie kwa wingi, wakulima wa miwa wa Florida na Louisiana na wale wa viazisukari wa Minnesota wanauza kwa bei nzuri, na mwaka 2023 ofisi ya ukaguzi ya bunge lao ilikadiria mlaji anaumia dola bilioni 2.5 mpaka 3.5 kila mwaka. Gawanya kwa watu milioni mia tatu na kitu, ni kama dola kumi kwa kichwa. Nani ataacha kazi aandamane kwa dola kumi? Lakini wenye mashamba wanagawana mabilioni, kwa hiyo wao wanajua kila kifungu cha sheria ya sukari na wanajua mlango wa kila mbunge. Wengi kutojua ni sahihi kwa kila mmoja wao na ni hasara kwa wote kwa pamoja, na Downs mwenyewe aliliona hilo, hakuwa anawapongeza.

Halafu kuna kutojua na kuna kujua kisichokuwepo, na hapa dhana inavutwa mpaka inachanika. Waulize Wamarekani misaada kwa nchi za nje inakula kiasi gani cha bajeti ya serikali yao, wastani wa majibu kwa miaka mingi umekuwa unacheza kwenye robo ya bajeti. Ukweli kwa miaka hiyo ulikuwa kama asilimia 1. Mtu anayesema robo hajasema sijui, kasema najua, na ana uhakika. Ujinga wa Downs unamweleza yule dada wa "sijui kabisa", haumwelezi huyu. Mchumi mwingine, Bryan Caplan, aliandika mwaka 2007 akitenganisha hayo mawili: imani ya uongo inayokufurahisha haikugharimu kitu kwenye sanduku la kura, kwa hiyo hakuna kinachokusukuma uiache.

Anayelipa ni mwingine, tena mara nyingi yuko mbali. Misaada ilipositishwa Januari 2025, walioshika kadi za kliniki mkononi wakijiuliza dawa za mwezi ujao zitatoka wapi walikuwa Kenya, Uganda, na kwetu Tanzania. Sisemi ujinga ndo uliofunga, waliofunga walikuwa na sababu zao, lakini ukitaka kumwambia mtu kwamba kukata misaada kutaokoa bajeti, kazi inakuwa nyepesi sana kama tayari anaamini ni robo.

Kwa hiyo shem, bila ugomvi, siku nyingine ukituma hiyo klipu andika mjinga wa jambo hilo, inatosha na ni kweli. Mrudie yule kijana wa "hamsini". Majimbo yao ni hamsini, hilo alilijua, ndo maana aliitaja namba hiyo badala ya nyingine. Angeambiwa tu kwamba kila jimbo linapeleka maseneta wawili, angezidisha mwenyewe.